Surua Ukubwani

Mama mmoja wa Kerugoya alinipigia simu majuzi. Nambari yangu alipewa na nesi aliyeniuguza, baada ya nesi huyo kuniomba ruhusa. Kaka yake, mwanamume mzima mwenye watoto, alikuwa amelazwa na surua, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba alimotengwa, hajui afanye nini na mikono yake. Aliniuliza kama macho ya kaka yake yatarudi kuona vizuri, kama ngozi itabaki vile ilivyo, na kama ni kweli mtu mzima anaweza kufa kwa ugonjwa wa watoto. Nilimjibu nilivyoweza. Simu ilipokatika niliona kuna mengi sikumwambia, kwa hivyo nimekaa chini kuyaandika, yeye ayasome, na mwingine yeyote aliye kwenye benchi kama lile.

Jina langu ni Nyawira. Nina saluni ndogo mjini Nyeri, viti vitatu na draya mbili. Mume wangu, Wafula, ni mwalimu wa hesabu kutoka Bungoma. Kazi ilimleta huku, na huku ndiko tulikopatana. Tuna binti mmoja, Imani, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa gredi ya pili.

Mimi nilizaliwa upande wa Kangema, kwenye miteremko ya majani chai. Baba yangu ni seremala, na tangu ujana wake ni mmoja wa kikundi kidogo cha maombi pale bondeni kwetu. Si kanisa kubwa, ni familia chache tu zinazokutana nyumba hii au ile. Hawatumii dawa. Kwao ugonjwa ni jambo la mtu na Mungu wake, na sindano ni kama kumwambia Mungu kwamba umemwekea msaidizi. Nilipokuwa mdogo, watu wa chanjo wakija bondeni, wazazi walituficha kwenye chai. Nakumbuka nimechuchumaa chini ya matawi, mdogo wangu Wairimu amenishika sketi, tukiona viatu vya wageni vikipita njiani na kisanduku chao cha baridi kikining'inia. Sisi tuliona ni mchezo. Mama alikuwa bado yuko hai, na jioni alitupikia viazi kama siku nyingine yoyote.

Nilipozaa, Wafula alimpeleka Imani kliniki mwenyewe, akapata chanjo zote. Baba alipojua hakugomba. Alinyamaza tu, na kimya cha baba yangu ni kirefu kuliko barabara ya kwenda kwao.

Mwezi wa Julai shangazi yetu alifariki kule Kangema. Wenye kuijua milima hii wanajua Julai ilivyo: ukungu hautoki mpaka adhuhuri, na manyunyu yanakaa hewani kama hayataki kufika chini. Tulikesha kwa matanga nyumba ikiwa imefungwa madirisha kwa sababu ya baridi, watu tumebanana kwenye viti na mikeka. Wairimu alikuja na watoto wake, wasichana wawili na Kimani, kitinda mimba, ambaye alikuwa na miaka miwili. Kimani alikuwa na makamasi na kikohozi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Huyu mtoto ana nini?" nikauliza.

"Ni homa ya baridi tu," Wairimu akasema. "Watoto wote wa huku wako hivyo."

Nikampakata. Alilala kifuani pangu usiku huo, akinikoholea shingoni.

Nilirudi Nyeri nikaendelea na kazi. Wiki ya kwanza ikapita bila neno. Ya pili niliamka macho yakiniuma. Mwanga wa mlangoni mwa saluni ulinichoma, nikageuza kiti changu kikatazama ukuta. Nikafikiri ni ile dawa ya kulainisha nywele, maana harufu yake hukaa machoni. Kisha joto likapanda, kikohozi kikaanza, kikavu, cha kukwaruza. Nikajifunga skafu nikaendelea kuosha vichwa, kwa sababu Julai kila mtu anakohoa na hakuna anayefunga duka kwa ajili ya kikohozi. Mmoja wa wateja wangu wa siku hizo alikuwa Mama Brian, anayeuza nguo za watoto karibu na stendi. Alikuja na kichanga chake cha miezi mitano, akakilaza mapajani wakati mimi nimeinama juu yake nikimsuuza.

Vipele vilianzia kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanza, na nyuma ya masikio. Kwenye duka la dawa waliniambia ni mzio, wakanipa vidonge. Kesho yake vilikuwa vimeshuka hadi kifuani na kuungana, uso mzima ukawa kitu kimoja chekundu kilichovimba. Wafula aliporudi kutoka shuleni alinikuta nimekaa kitandani nikijaribu kuvuta pumzi, na hewa inaishia njiani.

"Mama Imani, vaa viatu," akasema.

Kwenye benchi la wagonjwa wa nje nilikaa na shuka la Wafula kichwani kwa sababu ya mwanga. Kulikuwa na mama aliyekuwa akinyonyesha upande wangu wa kulia, na mzee mwenye mguu uliofungwa upande wa kushoto. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, aliniita ndani, akaniambia nipanue kinywa, akamulika tochi ndani ya mashavu. Akaizima tochi. Akaenda akafunga mlango.

"Ulichanjwa ukiwa mtoto?"

"Sikuchanjwa kitu chochote."

"Chochote?"

"Chochote, daktari."

Akatoka. Nikasikia akiwaambia watu wahame kutoka lile benchi, waende upande ule mwingine wenye madirisha, na wenye watoto wasiondoke hospitalini kabla ya kuonwa. Alisema kwa upole, lakini nilisikia miguu. Nimefanya kazi ya kugusa watu tangu nilipomaliza shule. Sikuwahi kusikia watu wakiondoka mahali kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo.

Kwa wewe uliye nje ya mlango, acha nikueleze kilichomo ndani. Chumba cha kutengwa kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kina kitanda, kiti, sinki na dirisha lililofunikwa pazia zito, kwa sababu mwanga ulikuwa kama mchanga machoni. Nesi wangu alikuwa Sista Gatwiri, mama wa Meru mwenye sauti nzito, ambaye alikuja akiwa amevaa barakoa hata sikujua sura yake mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi macho yangu yalikuwa yamegandamana kwa usaha. Aliyafungua kwa pamba na maji ya uvuguvugu, polepole, akianzia pembeni karibu na pua kwenda nje, kila jicho na pamba yake. Hiyo ilikuwa raha yangu ya kwanza kila siku. Kinywa kilijaa vidonda, sikuweza kumeza uji wa moto, basi akawa anauacha upoe na kuniletea mrija.

Walinipa matone ya vitamini A, wakasema ni ya kulinda macho. Walinitoa damu, wakanisugua kooni kwa kijiti cha pamba, wakasema vinaenda maabara Nairobi ili ijulikane kwa hakika ni surua. Kwa surua yenyewe, waliniambia, hakuna dawa ya kuiua, mwili ndio unaoimaliza. Lakini ilikuwa imeniachia nimonia, na hiyo ndiyo walipigana nayo kwa sindano za mshipani na mpira wa oksijeni puani. Muda wangu niliupima kwa sindano hizo, ya asubuhi na ya jioni. Tumbo nalo likaharibika. Kuna usiku nilishindwa kufika chooni, na Sista Gatwiri akabadilisha mashuka akiongea juu ya ng'ombe wake wa Timau kana kwamba tumekaa jikoni tukimenya viazi. Mtu anayeuguza akijua kuongea juu ya ng'ombe wakati kama huo, amekupa dawa.

Wafula alikuwa anakaa nje. Hata mlango ukiwa umefungwa niliweza kusikia anavyobadilisha miguu. Jioni moja nilimsikia akiongea kwa simu, kwa Kiswahili, nikajua ni baba, maana hao wawili hawana lugha nyingine.

"Mzee, mimi nakuheshimu," alikuwa akisema. "Lakini binti yako anapumua kwa mpira." Akasikiliza. "Najua unamwombea. Mimi pia naomba. Nauliza, ungekuja?"

Kisha Sista Gatwiri akaingia na simu ya Wafula mkononi, akaniinamia na barakoa yake. "Ni baba yako. Ati hataki uongee, utachoka. Anataka kuomba tu." Akanishikia simu sikioni. Baba aliomba kwa Kikuyu, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia tukiwa watoto radi ikipiga. Hakunilaumu wala hakutaja hospitali. Sista alisimama ameinama muda wote huo, na hakuiondoa simu mpaka aliposikia amina.

Siku iliyofuata alikuja mtu wa tofauti. Alivuta kiti akakaa karibu na mlango, akanisalimia kwa jina. Alikuwa afisa wa afya ya umma, Bwana Mutua, mtu mnene mpole anayeongea kama mtu asiye na haraka.

"Pole sana, dada. Sikuja kukukamata," akasema. "Mimi kazi yangu ni kujua hii kitu imetoka wapi na inaenda wapi. Mtu mmoja akipatikana na surua, kwetu hiyo ni kengele. Nani alikuwa karibu na wewe wiki iliyopita?"

Tulianza na saluni. Majina ya wateja siyajui yote, lakini vichwa navikumbuka. Nikamwambia, yule wa nywele fupi anayefanya kazi benki, yule aliyesuka kwa ajili ya harusi, yule mwenye kovu juu ya sikio. Wafula, nje ya mlango, alikuwa akitafuta nambari kwenye simu yangu. Nilipofika kwa Mama Brian nilijiinua kitandani.

"Ana mtoto wa miezi mitano," nikasema. "Alikuwa mapajani."

Bwana Mutua aliinua uso. Chanjo ya surua kwetu hutolewa mtoto akifika miezi tisa. Wa miezi mitano hana kinga isipokuwa ile aliyobaki nayo kutoka kwa mama yake. "Tutamfuata huyo leo," akasema. "Na wewe mwenyewe, uliipata wapi? Kabla ya kuugua, ulisafiri?"

Nikageukia ukuta.

Alingoja. Nilikuwa naliona bonde letu, ukungu, na watu wa baba wamesimama langoni. Nilijua nikisema, magari yatateremka kule. Nilijua baba atajua ni nani aliyeyaelekeza. Tangu niolewe na mtu wa nje nilikuwa binti wa mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mguu ule wa ndani niliupenda.

"Dada," Bwana Mutua akasema, "hata kama ni watu hawatupendi. Mimi nimefukuzwa na mbwa mara nyingi. Mbwa si shida."

Kilichonifanya niseme si maneno yake. Nilikumbuka macho ya Kimani, nikayalinganisha na yangu, ambayo Sista alikuwa ameyafungua asubuhi hiyo kwa pamba. Kimani hakuwa na mtu wa kumfungulia kwa pamba.

"Kuna mtoto wa dada yangu," nikasema. "Kangema. Niliugua baada ya kumpakata."

Haya yanayofuata niliyasikia baadaye, mengine kwa Bwana Mutua, mengine kwa Wairimu mwenyewe. Afisa aliwapigia wenzake wa Murang'a, kaunti yenye Kangema, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na habari, akaomba kwenda nao. Walimkuta baba langoni, maana Wairimu na watoto wake wanaishi kwake. Aliwaambia watoto wote wako sawa. Kutoka ndani ya nyumba kulisikika kikohozi, na baba akawaangalia kama hakusikia. Bwana Mutua hakubishana naye. Alikaa juu ya mbao pale kwenye karakana, akauliza juu ya meza iliyokuwa haijamalizwa, ni mti gani. Wakaongea juu ya miti. Kabla ya kuondoka alisema, kwa sauti ya kufika ndani, kwamba mtoto aliyetoka kwenye surua na bado anahara na jicho lake lina ukungu, bado anaweza kusaidiwa, ila si kwa muda mrefu. Na kwamba watarudi kesho.

Kesho yake waliporudi, Wairimu alitoka na Kimani amefungwa kwenye blanketi, akapita mbele ya baba bila kumtazama, akaingia ndani ya gari. Wasichana wake wawili walikuwa nyuma yake, vipele vikiwa vibichi, walioambukizwa wakati mmoja na mimi. Baba hakuwazuia. Alichukua randa yake akaendelea na ile meza.

Lakini mimi wakati huo sikujua hayo. Nilichopata ni ujumbe ambao Wairimu alimpa Wafula kwa simu, usiku ule kabla hajaingia kwenye gari: "Mwambie dada yangu ametuuza." Wafula alikaa nao siku mbili kabla ya kuniambia, na akaniambia tu kwa sababu nilikuwa nikiuliza kila saa kama Wairimu amepiga.

Huo ulikuwa wakati mgumu zaidi, mgumu kuliko ile siku ya kukosa pumzi. Vipele vilikuwa vimeanza kufifia na kuwa kahawia. Ngozi ikawa inabambuka laini kama pumba, nikiamka shuka limejaa vumbi langu mwenyewe. Na nilikuwa nangoja mambo mawili. Nilingoja Wairimu, na nilingoja kichanga cha Mama Brian. Surua haijulikani siku ile ile, inakaa kimya zaidi ya wiki kabla ya kujitokeza, na muda huo wote nesi wa mtaa alikuwa akienda kwao kumpima joto. Mama Brian angekuwa na haki ya kunilaani. Badala yake alinitumia ujumbe kila jioni, maneno mawili tu: "Hana joto." Siwezi kueleza nilivyoyangoja maneno hayo. Wafula aliyasoma kwa sauti kupitia mlangoni, yeye upande wake wa mlango, mimi wangu.

Muda wa kungoja ukapita na kichanga hakikuugua. Kilipofika miezi sita kilipewa dozi ya mapema kwa sababu ya mlipuko, na baadaye kikapewa ile ya kawaida. Wateja wengine pia hawakuugua, wengi walikuwa wamechanjwa utotoni na wachache wasiojua hali yao walichanjwa upya. Na Imani, ambaye alilala kitandani mwangu katika siku zile nilipokuwa mbaya zaidi kwa kuambukiza, hakupata hata kipele kimoja.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani Agosti ikiisha. Imani alinitazama sana mlangoni. "Mama, umekuwa na uso wa mtu mwingine," akasema, kisha akanishika mkono kuona kama mkono ni ule ule. Kupanda ngazi za kwenda kwetu nilipumzika mara kadhaa. Kwa muda mrefu jua la saa sita lilinitoa machozi. Hayo yote yaliisha, nakwambia wewe unayesoma ukiwa na hofu. Yaliisha polepole, lakini yaliisha.

Jambo ambalo sikuwa nimeambiwa ni la nywele. Oktoba, nikiwa nimerudi saluni nusu siku, nilipitisha kitana kichwani na nywele zikabaki kwenye kitana. Kila siku nyingi zaidi. Joto kali likipita mwilini hufanya hivyo miezi baadaye, Sista Gatwiri aliniambia kwa simu, na zitaota tena. Lakini fikiria msusi mwenye kichwa chenye mabaka. Nikawa nafunga kitambaa. Wateja wengine hawakurudi, na waliorudi walikuwa wakiangalia kitambaa kwenye kioo kuliko wanavyoangalia nywele zao.

Mchana mmoja Mama Brian aliingia, kichanga mgongoni. Sikuwa nimemwona uso kwa uso tangu ile siku ya kumsuuza. Akafunga mlango, akageuza kile kibao cha kuonyesha tumefungua.

"Kaa hapa," akasema, akigusa kiti changu cha katikati.

"Mimi ndiye nakaaga nyuma ya kiti."

"Leo kaa hapa, Nyawira. Hizi nywele ziko na wewe ama ziko zinaenda?"

"Zinaenda."

"Basi tuziache ziende mara moja."

Alichukua mashine yangu akaninyoa, vibaya kweli, mistari kama shamba lililolimwa na mlevi. Nikalia kidogo. Kichanga kilikuwa kikinitazama juu ya bega lake kwa macho makubwa meupe yasiyo na doa. Tukamaliza akasema, "Sasa uko sawa na mtoto wangu," na tukacheka, na nikachemsha chai.

Wairimu alikuja kabla ya hapo, Septemba, akimleta Kimani kliniki ya macho. Hakunipigia kwanza. Nilifungua mlango nikawakuta. Kimani alikuwa amekonda, shingo kama ya kifaranga, na jicho lake la kushoto lilikuwa na doa jeupe katikati. Nikampa kiti. Nikaweka maji motoni.

"Ulitaja jina letu," akasema.

"Nililitaja."

"Baba alisema nisikuite dada tena. Na mimi nilikubaliana naye." Alikuwa akimfungua mtoto koti, kifungo kimoja kimoja. "Kisha kule hospitali daktari akanionyesha jicho hili lingine. Lilikuwa limeanza. Akasema wiki moja zaidi yangekwenda yote mawili." Akamgeuzia Kimani kwangu. "Hili linaona. Anaona ndege juu ya mti. Jana alinionyesha ndege."

Hatukuombana msamaha. Alikula, mtoto akala, wakalala kwetu. Asubuhi nilimsuka.

Kama ungetaka nikupe maneno ya kubeba, ningekupa machache. Mwekee mgonjwa wako pazia zito. Usimsafishe macho kwa nguvu. Usikasirike akikasirika, maana surua humfanya mtu mzima awe na kisirani cha mtoto. Afisa akija kuuliza, mwambie, hata kama utakayemtaja atakununia. Na kama hujui kama ulichanjwa, kaulize, hakuna atakayekucheka.

Novemba, katika mvua za vuli, watu wa afya walifanya siku ya chanjo kwenye shule ya msingi karibu na bonde letu. Watoto wa Wairimu surua walikuwa wameshaipita, lakini hawakuwa na kinga ya mengine, polio, pepopunda, kifaduro, na Bwana Mutua alisema waletwe wapate zote. Walialikwa pia watoto wa zile familia nyingine. Nilikwenda na kitambaa changu kichwani, kumsaidia Wairimu. Yeye alikuwa ametangulia alfajiri kuchuma chai na tulikuwa tukutane shuleni, watoto waletwe na jirani.

Jirani hakuja, na Wairimu alikuwa bado kwenye chai. Niliona mwavuli mweusi ukipanda njia ya chai, na chini yake wasichana wawili, na Kimani mgongoni mwa mtu. Alikuwa baba. Sikuwa nimemwona tangu matanga ya shangazi. Alisimama nje ya lango la shule, maji yakimtiririka kwenye koti, akamteremsha mtoto.

"Baba," nikasema.

Aliniangalia kichwani, kwenye kitambaa, akaangalia uso wangu muda mrefu. "Mimi siingii," akasema. "Njia inateleza. Ndiyo nikawaleta."

Nesi mmoja alimwita aje akae barazani asilowe. Alitikisa kichwa, akashukuru. Nikawachukua watoto ndani. Tulipanga mstari, wasichana wakachomwa bila kulia, wakijivunia. Kimani alilia kwa sauti yote, na kutoka nje ya ukuta nilimsikia baba akimwita jina, mara moja, kwa ile sauti yake ya wakati wa radi, kumjulisha tu kwamba yuko.

Niliporudi nao langoni bado alikuwa amesimama pale pale. Familia mbili za kikundi chake zilikuwa zimefika wakati huo, zimesimama kando na watoto wao chini ya mifuko ya plastiki, zikimwangalia yeye zijue la kufanya. Baba hakuziambia kitu. Alichuchumaa, Kimani akapanda mgongoni akisinasina, kisha baba akaufungua mwavuli. Mmoja wa wale akina mama akamshika mtoto wake mkono, akaingia.

"Baba, umekasirika na mimi?" nikauliza.

Alikuwa ameshaanza kuteremka. Alisimama, akageuka nusu, mtoto akigeuka naye.

"Shika huyu mdogo wa wasichana mkono," akasema. "Pale chini daraja limebomoka upande mmoja. Tukifika nyumbani, utakunywa chai."